Mipako ya kupuliziwa katika silinda za alumini

Mpako wa kupuliziwa ni tabaka jembamba la metali au kauri linalojengwa juu ya kifaa kwa kuyeyusha malighafi yake, iwe waya au unga, na kuirusha kwa kasi ikiwa matone madogo. Katika injini za magari mpako huu hupatikana zaidi ndani ya silinda za bloku za alumini, ambako umechukua nafasi ya slivu ya chuma cha kusubu. Maelezo ya watengenezaji hupenda kuusifu kwa namba moja, yaani ugumu wake, kana kwamba ugumu ndio unaoamua umri wa silinda. Historia ya silinda za alumini tangu miaka ya 1970 inaonyesha vingine. Tabaka hudumu au hung'oka kwa kutegemea lilivyoishika bloku, linavyotunza oili, ringi inayopita juu yake na mafuta yanayoungua mbele yake. Ugumu una nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwa nini alumini haiachwi tupu

Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7, ya chuma cha kusubu inakaribia gramu 7.2. Aloi za alumini zinazosubiwa bloku pia hupitisha joto mara mbili hadi tatu zaidi ya chuma hicho, jambo lenye faida kubwa kwa injini ndogo inayotakiwa kutoa nguvu nyingi. Kasoro yake iko usoni. Alumini ni laini, na pistoni nyingi nazo ni za alumini. Metali mbili za jamii moja zikisuguana bila oili ya kutosha hunatana: oksidi nyembamba inayofunika uso huvunjika, metali tupu hukutana na metali tupu, vipande hung'oka upande mmoja na kujibandika upande wa pili, na haipiti muda pistoni imekwama.

Jibu la kawaida limekuwa slivu ya chuma cha kusubu yenye unene wa milimita 2 hadi 3, ikisubiwa pamoja na bloku au kushindiliwa ndani baadaye. Ni jibu zuri, na bloku nyingi za alumini bado hutengenezwa hivyo. Gharama yake ni uzito, nafasi kati ya silinda na silinda, na joto. Chuma hutanuka kwa takriban nusu ya alumini: katika silinda yenye kipenyo cha milimita 100, joto likipanda kwa nyuzi 100, alumini hutanuka kwa zaidi ya milimita 0.2 na chuma kwa milimita 0.11 hivi. Tofauti hiyo inatosha kufungua mwanya nyuma ya slivu isiyoshikwa vizuri, na mwanya wa hewa huzuia joto kuliko chuma chenyewe. Silinda hupoteza uduara wake, ringi hazikai sawasawa, na oili hupanda juu ikaungua.

Vega, Nikasil na salfa

Majaribio mawili makubwa ya kuachana na slivu yalitangulia upuliziaji wa silinda, na yote mawili yalikumbwa na matatizo yasiyohusu ugumu. La kwanza ni la Chevrolet Vega, gari dogo la Kimarekani lililozinduliwa mwaka 1970. Injini yake ya lita 2.3 ilikuwa na bloku ya aloi ya kampuni ya Reynolds iliyotiwa silikoni kiasi cha asilimia 17. Silikoni ikizidi kiwango fulani hujitenga katika alumini na kuwa punje ngumu. Uso wa silinda uliliwa kidogo kwa kemikali ili punje zibaki zimejitokeza na kubeba ringi. Pistoni zilipakwa chuma kwa umeme ili alumini isisuguane na alumini. Punje za silikoni ni ngumu mno, zinapita chuma cha kusubu kwa mbali. Hata hivyo Vega ilipata sifa mbaya ya kula oili na kuharibika silinda.

Ni rahisi kuilaumu aloi, na wengi wamefanya hivyo. Ushahidi haukubali. Mfumo wa kupoza wa Vega ulikuwa na maji machache, injini ilipata joto kupita kiasi, na mipira ya kuzuia oili kwenye vali ilikauka na kuvuja. Silinda iliyopotoka kwa joto ikakosa oili pale ilipohitajika. Aloi ya jamii hiyohiyo ilitumika katika Porsche 928 iliyotoka mwaka 1977, na baadaye katika injini nyingi za Kijerumani kwa jina la Alusil, bila msiba wa aina hiyo. Uso ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mazingira yake.

Jaribio la pili ni Nikasil ya kampuni ya Mahle, iliyobuniwa mwaka 1967: nikeli inayowekwa kwa umeme ikiwa imebeba chembe za kabidi ya silikoni. Ilijipatia heshima katika magari ya mbio, hasa Porsche 917, ikaingia katika Porsche 911 za barabarani, na hadi leo mpako wa aina hii hutumika sana katika pikipiki. Miaka ya 1990 BMW waliutia katika injini zao za V8 na baadhi ya za silinda sita, na Jaguar katika V8 yao ya mwaka 1996. Hapo ndipo salfa ya petroli ilipojitokeza. Katika masoko yaliyouza mafuta yenye salfa nyingi, Uingereza na Marekani zikiwamo, injini zilizoendeshwa safari fupifupi bila kupata moto vizuri zilikusanya mvuke wenye asidi kwenye kuta za silinda, na asidi ikala nikeli. Mgandamizo ukashuka na gari likawa gumu kuwaka. BMW walirudi kwenye Alusil na slivu za chuma. Kabidi ya silikoni ilikuwa miongoni mwa vitu vigumu kabisa vilivyowahi kuwekwa ndani ya silinda, lakini haikufaa kitu pale nikeli iliyoishikilia ilipoyeyuka.

Asili ya upuliziaji

Ufundi wa upuliziaji unahusishwa na Max Ulrich Schoop wa Zürich, Uswisi, aliyeanza kupulizia metali iliyoyeyushwa mwanzoni mwa karne ya 20. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kuona risasi zilivyojibandika ukutani, hadithi ambayo inafaa kupokewa kwa tahadhari. Katika miaka ya 1950 zilikuja bunduki za plazma, ambazo gesi yake hupita nyuzi 10,000, na katika miaka ya 1980 zikafuata bunduki za mwako wa kasi kuu, zinazotegemea zaidi mwendo wa chembe kuliko joto. Katika silinda za magari njia mbili zimeshika: plazma, inayoyeyusha unga au waya, na tao la umeme kati ya nyaya mbili. Zote hutumia bunduki inayozunguka au kushuka ndani ya silinda. Ringi za pistoni zilitangulia silinda katika ufundi huu, kwani molibdeni ya kupuliziwa imetumika juu yake kwa miongo kadhaa.

Tabaka lilivyo, na linavyolika

Tone la chuma linapogonga ukuta hutandazika kuwa kipande bapa na kuganda papo hapo, likipoa kwa kasi inayoweza kufikia nyuzi milioni moja kwa sekunde. Vipande hupandana kimoja juu ya kingine. Kati yao hubaki vitundu vidogo vya hewa na utando wa oksidi iliyojengeka tone lilipokuwa njiani. Mhandisi aliyezoea chuma cha kusubu akiona picha ya hadubini ya tabaka hili anaweza kudhani ni kazi mbovu: lina nyufa, lina vitundu, lina kutu ndani yake. Vitundu hivyo na kutu hiyo ndivyo vinavyolifanya lifae, ilimradi viwe kwa kiasi.

Vitundu kwanza. Pistoni inapofika juu kabisa husimama kabla ya kurudi. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufanya hivyo mara 50 kila sekunde katika kila silinda. Kwenye mwendo, oili hujenga utando unaoinua ringi kutoka ukutani. Mwendo ukikoma, utando hupungua sana, na ni wakati huohuo shinikizo la mwako linapofikia kilele. Ndiyo maana silinda hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Katika chuma cha kusubu oili hutunzwa na mikwaruzo ya makusudi inayochorwa kwa mawe ya kunolea, lakini mikwaruzo hiyo imeungana, hivyo ringi ikisukuma oili, oili hukimbia kando. Vitundu vya mpako wa kupuliziwa vimejifunga kila kimoja peke yake. Oili iliyomo haina pa kwenda ila juu, chini ya ringi. Kwa hiyo uso uliobaki unaweza kung'arishwa karibu kama kioo bila kuhatarisha ulainishaji, na msuguano hupungua. Mercedes-Benz, wanaoiita mipako yao ya tao la umeme Nanoslide na walioitumia kwanza mwaka 2006 katika V8 ya AMG, wanadai msuguano hupungua hadi nusu ukilinganishwa na slivu ya chuma. Hiyo ni namba ya muuzaji, na inahusu pistoni na ringi dhidi ya silinda, si injini nzima, lakini mwelekeo wake unakubaliana na fizikia ya jambo lenyewe.

Oksidi nazo, hasa zile za chuma zinazojengeka kwa uhaba wa oksijeni, zina tabia ya kuteleza. Zikiwa zimetawanyika kati ya vipande huzuia ringi isinatane na chuma tupu dakika oili inapokosekana, kwa mfano injini inapowashwa asubuhi. Zikizidi, vipande haviungani na tabaka hubomoka. Kiasi hicho hudhibitiwa kwa gesi inayotumika kurusha matone: hewa huongeza oksidi, naitrojeni huzipunguza.

Hapa ndipo hoja ya ugumu inapopimika. Kanuni ya J. F. Archard ya mwaka 1953 inasema kwamba kiasi cha metali kinacholika huongezeka kwa mzigo na umbali wa kusuguana na hupungua kwa ugumu, kisha yote huzidishwa kwa kigawo kinachopatikana kwa majaribio tu. Chuma cha kusubu cha silinda kina ugumu wa 200 hadi 250 hivi kwa kipimo cha Vickers. Chuma cha kaboni kilichopuliziwa huwa karibu na 400. Ugumu peke yake, basi, unaweza kupunguza ulikaji kwa nusu tu au pungufu ya hapo. Kigawo cha Archard, kwa upande mwingine, hutofautiana mara maelfu kati ya uso mkavu na uso uliolainishwa vizuri. Anayetaka silinda idumu angetafuta faida katika kigawo kabla ya kuitafuta katika ugumu, na kigawo ndicho kinachobadilishwa na vitundu na oksidi.

Yupo atakayesema kwamba ugumu ungeongezwa zaidi, tusiishie 400. Inawezekana: kabidi ya tangsteni iliyofungwa kwa kobalti hupuliziwa kila siku na huvuka 1,000. Imechukua nafasi ya kromi ngumu kwenye miguu ya ndege, na huko inafanya kazi nzuri. Ndani ya silinda huleta mashaka mawili. Huhitaji almasi kunolewa, jambo linalopandisha gharama ya bloku. Na ringi inayopita juu yake ndiyo italika, ila nayo ipakwe kitu cha kufanana. Umri wa injini hauongezeki kwa kuhamisha uchakavu kutoka sehemu ngumu kubadilisha hadi sehemu nyingine ambayo nayo hudai injini ifunguliwe. Ndiyo sababu watengenezaji, baada ya kujaribu mengi, walirudi kwenye chuma cha kaboni cha kawaida, waya wa bei nafuu, wakaiachia njia ya upuliziaji kazi ya kukifanya bora.

Kuna tatizo pia la namba za maabara. Makala nyingi kuhusu mipako hii hutegemea kipimo cha pini inayobonyezwa juu ya kisahani kinachozunguka, mara nyingi bila oili na kwa joto la chumbani. Kipimo hicho hupendelea tabaka gumu, zito, lisilo na vitundu, kwa sababu kimeondoa kitu ambacho vitundu vipo kwa ajili yake. Mpako ulioshinda kwenye kisahani unaweza kushindwa kwenye injini, na kinyume chake. Vipimo vya kuaminika zaidi huchukua kipande cha ringi na kipande cha silinda halisi, vikisuguana kwa kwenda na kurudi ndani ya oili ya moto, au huifanya sehemu ya uso kuwa na mnururisho hafifu na kuhesabu chembe zake ndani ya oili injini ikiwa inafanya kazi.

Mshiko

Mpako wa kupuliziwa hauyeyuki na kuungana na alumini. Oksidi iliyoko juu ya alumini na ubaridi wa bloku huzuia, hivyo tabaka hushika kwa kujipachika katika ukwaru, na ukwaru huo lazima utengenezwe. Zamani ukuta ulipigwa kwa mchanga wa korundi, lakini punje zilizobaki zimejichomeka ndani ya alumini laini ni adui wa injini. Siku hizi hutumika maji ya shinikizo kubwa, au kisu kinachochonga vijia vyenye mdomo mwembamba na tumbo pana, ili chuma kilichoingia kisitoke. Wengine hutanguliza tabaka la nikeli na alumini.

Sehemu hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na joto ndilo linaloijaribu. Bloku inapopata moto alumini hutanuka ikilikimbia tabaka la chuma lililo ndani yake. Nguvu ya kuling'oa hutegemea unene: tabaka nene hupinga kwa nguvu zaidi na hivyo huvutwa zaidi kwenye mshiko. Tabaka la milimita 0.1 hadi 0.2 hukubali kunyumbuka pamoja na bloku. Wembamba unaolalamikiwa kama ubahili wa kiwanda ni sharti la tabaka kubaki mahali pake.

Asidi hurudi hapa pia. Vitundu vikiungana hadi chini, unyevu wenye salfa hupita na kuila alumini kutoka nyuma, na tabaka huinuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kwa masoko ya mafuta machafu hupuliziwa unga wenye kromi, unaostahimili kutu zaidi ya chuma cha kaboni. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni kuanzia Januari 2015, kiwango kinachoondoa sehemu kubwa ya hatari hii pale kinapofuatwa.

Lawama ya ukarabati

Lawama inayosikika zaidi karakanani ni kwamba silinda hizi hazichongeki. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, amezoea kuichonga silinda iliyolika na kuweka pistoni ya ovasaizi. Tabaka la milimita 0.15 halimpi nafasi. Lawama hii ni ya kweli nusu. Uchongaji ulitegemea slivu nene, na slivu nene zimeshatoweka katika magari mengi hata yasiyo na mpako wowote. Injini za Toyota za jamii ya NZ na ZZ, zinazobeba Probox, IST na Premio nyingi za barabara zetu, zina slivu nyembamba za chuma zilizosubiwa ndani ya alumini, na maelekezo ya kiwanda hayaruhusu kuzichonga. Ambaye amezikubali injini hizo hana sababu ya kipekee ya kuukataa mpako.

Kuhusu umri wenyewe, hesabu ni fupi. Vipimo vya mnururisho huonyesha ulikaji wa silinda iliyokwisha zoea kazi kwa nanomita chache kwa saa. Gari likienda kilomita 300,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hutumia saa 6,000. Kwa nanomita 3 kwa saa silinda itapoteza nanomita 18,000, yaani milimita 0.018, kiasi cha moja ya nane ya tabaka la milimita 0.15. Tabaka halifi kwa kwisha. Hufa kwa kung'oka, kwa kuliwa na asidi, au kwa vumbi.

Vumbi linastahili neno la ziada kwa sababu hapo ugumu hauna msaada kabisa. Mchanga wa barabara za changarawe una kwazi, yenye ugumu wa Vickers unaozidi 1,000. Uso huanza kufaidika na ugumu wake pale tu unapokaribia ugumu wa kile kinachoukwaruza. Chini ya hapo, 220 na 400 hukwaruzwa karibu sawa. Kichujio cha hewa kilichopasuka humaliza silinda ya mpako na silinda ya slivu bila ubaguzi. Mpako unaweza pia kurudishwa: uliobaki huchongwa na mwingine kupuliziwa, na Ford wametumia njia yao ya plazma na waya kufufua bloku ambazo zingetupwa. Mashine hizo ni ghali na hukaa viwandani, kwa hiyo kwa karakana ya kawaida njia inayobaki ni kuchonga bloku na kushindilia slivu ya chuma, yaani kuirudisha injini kwenye teknolojia iliyotangulia. Inafanya kazi, kwa hasara ya kupoza.

Magnesi na titani

Kati ya metali nyepesi nyingine, magnesi, yenye gramu 1.74 kwa sentimita ya ujazo, hupuliziwa kwa shida kwa sababu huliwa na kutu haraka inapogusana na metali nyingine penye unyevu. BMW, katika injini yao ya silinda sita ya mwaka 2004, waliitumia kwa nje tu na kuacha silinda ziwe za alumini yenye silikoni. Titani hunatana vibaya zaidi ya alumini na hupakwa mara kwa mara, lakini ndani ya injini hutumika kwa vali na fimbo za pistoni za magari ya bei kubwa.

Matumizi ya sasa

Nissan GT-R ya mwaka 2007 ilikuwa na silinda za kupuliziwa kwa plazma, na Ford waliifuata kwa Mustang Shelby GT500 ya mwaka 2011 na Mustang GT ya mwaka 2018. Dizeli ya Mercedes-Benz ya mwaka 2016 inayojulikana kama OM654 iliunganisha bloku ya alumini yenye mpako na pistoni za feleji. Kwa kuwa feleji hutanuka kidogo kuliko alumini, nafasi ya pistoni huongezeka injini ikipata moto, na msuguano hupungua pale ambapo pistoni ya alumini ingebana. BMW hutumia tao la umeme katika injini zao za silinda tatu na nne. Magari ya umeme hayana silinda, na bunduki za kupulizia zinaendelea na kazi zake za zamani katika mitambo ya ndege na mabomba.